Kamera ya Ulinzi Hupimwa Usiku

Kila ninapoitwa kufunga kamera za ulinzi nyumbani, swali la kwanza la mwenye nyumba huwa ni lile lile: zitahitajika kamera ngapi? Huwa sijibu mpaka tuizunguke nyumba pamoja, kwa sababu idadi hutegemea mahali mtu anapoweza kuingilia, na zaidi hutegemea kile ambacho mwenyewe atataka kukijua baada ya tukio. Kujua kwamba mtu amepita uani ni jambo moja, kumtambua kwa sura ni jambo jingine, na ni nadra kamera moja kuyafanya yote mawili vizuri.

Tofauti hiyo inapimika. Kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 cha mwaka 2014 kilipendekeza pikseli (nukta zinazounda picha) 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana ili mtu atambulike bila shaka, ilhali pikseli 25 zinatosha kubaini tu kwamba yupo. Chukua kamera yenye picha ya upana wa pikseli 1920 na lenzi ya milimita 2.8, aina inayopendwa kwa kuwa huonyesha eneo pana. Kwa umbali wa mita 10 upana wa eneo hilo hufikia mita 25 hivi, hivyo kila mita huambulia pikseli zisizofika 80: shati utaliona, uso utakuwa doa. Badilisha lenzi iwe ya milimita 6, na kwa umbali wa mita 8 kamera hiyo hiyo itabana eneo la mita saba na nusu hivi, na sura itasomeka. Ndiyo maana hutanguliza kamera ya lenzi inayobana eneo mahali ambapo kila anayeingia hana budi kupita, kwa kawaida langoni au mlangoni, kisha ndipo nizigawe zile pana kwingineko. Kimo kiwe kati ya mita 2.5 na 3. Ukipandisha zaidi kwa kuogopa kamera isiibwe, utakusanya picha za kofia.

Umeme ndio huniletea kazi nyingi za marekebisho. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo kamera ya nyuma ilifanya kazi mchana kutwa, lakini giza likiingia ilizimika, ikawaka, ikazimika tena, hata wenyeji wakaanza kushuku kwamba kuna mtu anaichezea. Nilipoweka mita ya umeme nikakuta volti 12 kwenye chanzo na chini ya volti 9 kwenye kamera. Waya ulikuwa mwembamba, wenye urefu wa mita 40, na taa za infraredi, ambazo humulikia kamera gizani kwa mwanga usioonekana kwa macho, zilipowaka usiku ziliongeza mahitaji ya umeme hadi volti zikaporomoka. Kamera ikazimika, mzigo ukapungua, volti zikapanda, ikajiwasha upya, na mzunguko ukaanza tena. Kwa umbali kama huo napendelea kamera za mtandao zinazopokea umeme na kupeleka picha kwa kebo moja, teknolojia iitwayo PoE, kwa sababu hutumia volti zinazokaribia 48 na kufika mita 100 bila shida. Kebo yenyewe iwe ya shaba tupu, kwani ile ya alumini iliyopakwa shaba hurudisha tatizo lile lile kwa mlango wa nyuma.

Taa hizo za infraredi zina vituko vyake. Kamera ikifungwa karibu mno na ukuta mweupe au chini ya ukingo wa paa, mwanga hurudi kwenye lenzi na picha yote huwa ukungu. Buibui nao hupenda kutanda hapo kwa sababu wadudu hukusanyika, kwa hiyo kitambaa laini na ngazi ni sehemu ya mfumo.

Kuhusu hifadhi, hesabu ni nyepesi: kamera inayotuma megabiti 4 kwa sekunde hujaza gigabaiti 43 hivi kwa siku, kwa hiyo kamera nne zinazorekodi mfululizo humaliza diski ya terabaiti 2 kwa siku 11 au 12. Mfumo wa kubana picha wa H.265 unaweza kuurefusha muda huo kwa kiasi kikubwa. Mashine ya kurekodi ifungiwe mahali pasipofikika upesi na iwe na betri ya akiba, maana mwizi anayeikuta sebuleni huondoka nayo pamoja na ushahidi. Saa yake nayo iwe sahihi.

Nywila ya kiwandani ibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na mashine za kurekodi kwa wingi kwa kujaribu tu nywila ambazo wenyewe hawakuwahi kuzibadilisha, kisha ikazitumia kushambulia huduma za intaneti. Sifungui milango ya ruta kuelekea nje, yaani njia ambazo mtu wa intaneti angezitumia kuifikia kamera moja kwa moja, na dirisha la jirani likiingia kwenye picha nalifunika kwa kivuli kwenye mipangilio ya kamera.

Siku ya kukabidhi kazi huomba ianze jioni. Mwenye nyumba hutembea kutoka langoni hadi mlangoni kwa mwendo wake wa kawaida, nami husimamisha picha pale anapoikaribia kamera. Mara nyingi uso uliokuwa wazi alipokuwa amesimama huvutika na kufifia akitembea, kwa sababu gizani kamera huacha mwanga uingie kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha. Hapo hufupisha muda huo kwenye mipangilio, na picha ikiwa nyeusi mno, taa ya kawaida juu ya mlango husaidia kuliko kununua kamera nyingine.