Mgonjwa aliyeachwa Mileto

Muumini akilazwa, hakosekani wa kunong'ona: imani yake haba, au kuna dhambi aliyoificha. Maneno hayo humuumiza mgonjwa mara ya pili, na Biblia haiyaungi mkono. Paulo, aliyeombea wagonjwa wakapona, anaandika katika 2 Timotheo 4:20 kwamba alimwacha Trofimo, mwenzake wa safari, katika mji wa Mileto, hawezi, yaani mgonjwa. Hamlaumu hata kidogo! Timotheo naye aliugua mara kwa mara; akashauriwa anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo. Paulo mwenyewe aliomba mara 3 aondolewe "mwiba" mwilini, yaani teso lililomsumbua. Haukuondoka, akapewa neema.

Warumi 8:23 inasema hata wenye Roho wanaugua, yaani wanalia kwa uchungu, nafsini, wakingojea ukombozi wa mwili. Wakingojea, yaani bado. Tumaini lao ni ufufuo, kama Kristo alivyofufuka na alama za misumari mikononi.