Je, wajua kwa nini vyuo vikuu hufunga seli za mafuta (fuel cells), yaani mitambo ya kuzalisha umeme kutokana na gesi bila kuiunguza, uani kwao?

Mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Jimbo la California kilichoko Northridge, Los Angeles, kilifunga seli nne za mafuta, kila moja ya kilowati 250. Gridi ya umeme ilikuwepo. Kwa nini basi wajisumbue?

Tuanze na seli yenyewe. Ndani yake hamna mwali wala pistoni. Upande mmoja huingia gesi asilia, na methani yake hugeuzwa kuwa hidrojeni. Upande wa pili huingia hewa. Katikati kuna chumvi za kaboneti zilizoyeyuka kwa joto la nyuzi 650 hivi za Selsiasi. Chumvi hizo hazipitishi elektroni, kwa hiyo elektroni za hidrojeni hulazimika kuzunguka kwa njia ya waya kufika upande wa pili. Mzunguko huo ndio umeme. Kinachobaki ni maji, kaboni dayoksaidi na joto jingi.

Joto hilo ndilo jibu. Kituo cha umeme kilicho mbali hulitupa hewani au majini, maana joto halisafirishiki mbali. Chuoni lina wateja mlangoni: mabweni yanataka maji moto, na majengo yanataka kupashwa joto wakati wa baridi. Karibu nusu ya nishati ya gesi hutoka kama umeme. Joto nalo likitumika, jumla yaweza kufika asilimia 80. Isitoshe, seli za aina hii hazipendi kuzimwa na kuwashwa, na chuo kina friza za maabara zinazokula umeme usiku na mchana.

Kwa kuwa hakuna kinachoungua, masizi na oksidi za naitrojeni huwa kidogo mno. Kwa jiji lenye historia ya hewa chafu kama Los Angeles, hilo ni jambo kubwa. Lakini tusidanganyane: gesi asilia bado hutoa kaboni dayoksaidi. Northridge walipanda msitu mdogo wa nusutropiki kando ya mtambo, wakaupelekea sehemu ya hewa hiyo. Ni utafiti mzuri, ila miti michache haiwezi kuimaliza.

Mimi naona Chuo Kikuu cha California, San Diego, walilenga penyewe. Mtambo wao wa megawati 2.8 ulitegemea methani ya maji taka kutoka mtambo wa kuyasafisha wa Point Loma, mjini San Diego, ambayo awali ilikuwa ikichomwa bure. Gesi hiyo ilisafishwa na kuingizwa kwenye bomba la kawaida la gesi, kisha chuo kikachota kiasi kilekile upande wa pili.