Kutoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika hakukupi muda wa safari

"Nairobi hadi New York ni saa saba tu, si tiketi imeandika?" Wiki hii nimeambiwa hivyo tena ofisini, na kijana anayemkatia mama yake tiketi akawaone wajukuu. Mama huyo ana kisukari na hujidunga insulini kwa ratiba. Ndiyo maana dhana hii inaniudhi kuliko nyingine zote.

Saa zilizo kwenye tiketi ni za mahali. Ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Tuseme ndege inaondoka saa tano usiku na kufika saa kumi na mbili asubuhi. Ukihesabu kwa vidole, saba. Lakini kule wako nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi yao, kwa hiyo mama anaposhuka, hapa Nairobi ni saa nane mchana. Amekaa safarini saa 15. Wakati wa kurudi kosa hugeuka: anaondoka saa sita mchana, anafika saa nne asubuhi ya kesho yake, na jamaa wanalalamika kuwa ni saa 22. Toa 8, zinabaki 14.

Kama huamini, tazama umbali. Ni zaidi ya kilomita 11,800, na ndege za abiria huenda karibu kilomita 900 kwa saa. Ili ifike kwa saa saba ingebidi ikimbie karibu kilomita 1,700 kwa saa, kuipita hata sauti. Kenya Airways ilipoanza kuruka huko bila kutua Oktoba 2018, ilifuta saa za kusubiri njiani, umbali haikuupunguza.

Kumbuka pia kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Machi na kuzirudisha Novemba, nasi hatugusi zetu. Kati ya Machi na Novemba tofauti ni saa 7.

Kwa mgonjwa wa insulini, daktari apange dozi kabla ya safari, kwa kufuata saa zinazopita kweli. Dawa ikae kwenye mkoba wa mkononi, kamwe isiingie kwenye sanduku la chini. Na saa ya mkono muiache ikisoma Nairobi mpaka mshuke. Hili nitalisema hadi nistaafu.

Wengine hudai kwamba kwenda magharibi ni haraka kwa sababu dunia inazunguka kuja kukupokea. Hapana. Hewa huzunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa hiyo. Rusha sarafu ndani ya matatu iliyo kasi Thika Road uone kama itakimbilia viti vya nyuma. Isitoshe, pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kwenda ndiko kunakochelewa.

Ramani ya ukutani nayo isikudanganye. Dunia ni mviringo, na njia fupi ya New York huanza kwa kuelekea kaskazini-magharibi, juu ya Sahara.

La mwisho, tarehe. Ndege ya 00:40 Jumatano huondoka usiku wa kuamkia Jumatano. Jumanne jioni uwe uwanja wa ndege wa JKIA, na msongamano wa Mombasa Road uuachie muda wake.