Mtoto anayeimba ukurasa bado hajalitambua neno

Mtoto wa darasa la kwanza anafungua kitabu na kusema "Baba analima shamba" bila kukosea. Kabla ya kumpongeza, mwandikie "analima" peke yake kwenye karatasi nyingine, pasipo picha. Akikwama, basi sentensi ile aliishika kwa masikio. Hilo ni kosa la namna tunavyomfundisha, mtoto hana lawama.

Chanzo kimoja ni wimbo wa ba, be, bi, bo, bu. Ukiimbwa kwa mpangilio uleule kila siku, mtoto hukariri mpangilio na macho yake hayafanyi kazi. Chanzo kingine ni kutaja majina ya herufi: aliyezoea kuita b "be", akikutana na "ba" husoma "be-a". Mfundishe sauti, kisha aiunganishe na irabu papo hapo.

Chukua boksi tupu, likate vipande vya upana wa vidole vinne. Andika kwa herufi ndogo, kwa sababu ndizo zilizojaa vitabuni. Anza na irabu tano, kisha m, k, l na t zikiungana na kila irabu: jumla kadi 25. Zinatosha kujenga kiti, taa, moto, maua, tatu. Changanya kadi, usizipange. Kadi mpya ziwe tatu tu kwa siku, na zoezi lisizidi dakika 15. Akikosea, mtajie jibu mara moja, kisha irudishe kadi ileile baada ya nyingine mbili au tatu.

Baadaye ongeza kadi ya m peke yake, maana hapo wengi huteleza. Katika "mto", "mlima" na "mgebuka" (aina ya samaki), m ni silabi kamili: m-to, m-li-ma, m-ge-bu-ka. Lakini "mbuzi" ni mbu-zi, m na b zinatoka pamoja. Mpigishe makofi, kofi moja kwa kila silabi, ausikie mwili wa neno. "Ngoma" na "ng'ombe" ziwekwe kando kwa kando, alama ile ndogo ya juu ioneshwe kwa kidole. Herufi b na d zisifundishwe wiki moja, zinafanana mno.

Kwa mtoto wa Kasulu au Buhigwe, mkoani Kigoma, anayezungumza Kiha, lugha ya Waha, nyumbani kuna jambo la kutangulia. Anaweza kuunganisha silabi sawasawa asijue kuwa amepata neno, kwa kuwa hajawahi kulisikia. Mwoneshe kitu chenyewe, mtamkie, alitumie kwenye mazungumzo, ndipo alione limeandikwa. Dagaa, mawese na mchikichi anavijua tayari. Tumia hivyo kabla ya maneno ya mbali.

Silabi zikishamkaa, msaidie kuona vipande vikubwa. Andika ana-, ali-, ata- kwenye kadi moja moja, na -lima, -pika, -soma kwenye nyingine. Azisogeze: analima, alipika, atasoma. Hapo ndipo maneno marefu ya Kiswahili yanapoacha kumtisha.

Na akisoma "karanga" palipoandikwa "karatasi", amekisia baada ya "kara". Usimkatize kwa ukali. Funika neno kwa kidole, kisogeze taratibu: ka, ra, ta, si. Kisha ondoa kidole, alisome lote kwa mkupuo mmoja.