Makumbusho madogo ya Tokyo si vituko vya watalii

Wengi huamini kwamba makumbusho madogo ya Tokyo ni vituko vya kupigia picha, na kwamba elimu ya kweli iko kwenye majumba makubwa ya makumbusho ya mtaa wa Ueno. Sivyo.

Chukua Makumbusho ya Vimelea, mtaani Meguro. Watu humiminika kumwona tegu mwenye urefu wa mita 8.8, aliyetolewa tumboni mwa binadamu. Kando yake ipo kamba ya urefu huohuo, uinyooshe mwenyewe uone. Lakini nyumba hiyo ni taasisi ya utafiti. Ilianzishwa mwaka 1953 na daktari Satoru Kamegai, aliyeona wagonjwa wengi wenye minyoo katika umaskini uliofuata vita. Vielelezo vinavyoonyeshwa ni takribani 300 tu; vilivyohifadhiwa kwa ajili ya wanasayansi ni makumi ya maelfu. Msomaji anayeijua kichocho ya Ziwa Victoria atapata mengi pale, maana Japani nayo iliteswa na kichocho yake, ikaitokomeza. Kiingilio ni bure, ila mchango hupokelewa, na mimi naona ni haki kuutoa.

Makumbusho ya Tumbaku na Chumvi, wilayani Sumida, nayo hudhaniwa ni mchanganyiko wa ajabu tu. La hasha: bidhaa hizo mbili zilikuwa chini ya ukiritimba wa serikali tangu miaka ya 1904 na 1905, kwa hiyo historia yake ni moja.

Kabla ya kwenda, angalia siku za kufungwa. Meguro hufunga Jumatatu na Jumanne.