Mashine ya Kunyolea ya Zamani: Dhana Potofu Zinazowapoteza Wanaotaka Kuitambua

Nazungumzia mashine ya kunyolea ndevu ya chuma, yenye kipini na kichwa kinachobana wembe, iliyotumika kabla zile za plastiki za kutupa hazijajaa madukani. Wengine huikuta kwenye sanduku la marehemu babu, wengine huinunua kwenye meza ya vikorokoro, kisha huanza kuulizia: ni ya nani hii, ya mwaka gani, ina thamani? Majibu wanayopewa mara nyingi si ya kweli, na mengi yanatokana na kosa moja: watu hukimbilia maandishi. Mimi maandishi nayaweka mwisho. Kwanza nataka kujua inaingia wembe gani na kichwa chake kinaubana vipi.

"Zote za zamani ni Gillette"

Jina hilo limeenea mno, ndiyo maana hata watu wazima huapa kwamba kila mashine ya babu ni Gillette. Lakini ndugu wa Kampfe wa New York walipata hataza (haki ya kisheria ya mbunifu ili wengine wasiige alichobuni) ya mashine yao, Star, mwaka 1880, zaidi ya miaka 20 kabla ya King Camp Gillette kuuza hata moja. Star ilitumia kipande kifupi na kinene cha wembe ambacho mwenyewe alikinoa. Alichokuja nacho Gillette, akisaidiwa na fundi William Nickerson, ni wembe mwembamba wenye makali pande mbili, ambao ukiisha makali unautupa. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1903, kampuni iliuza mashine 51 tu na nyembe 168. Baada ya hapo biashara ilifumuka, na hataza ya msingi ilipokwisha Novemba 1921, viwanda vingine vikawa huru kuiga umbo lile. Ndipo zikazaliwa mashine nyingi zinazofanana na Gillette kama mapacha, nyingine zikiwa na jina la duka lililoziuza, nyingine hazina jina kabisa.

Kwa hiyo angalia kichwa. Kama kinafunguka vipande vitatu, yaani kofia ya juu, bamba la chini na kipini, na kofia ina vijiti vinavyopenya kwenye matundu ya wembe, hiyo ni ya ukoo wa Gillette, lakini haijathibitika kuwa Gillette. Kama ukizungusha kitasa mwishoni mwa kipini juu panafunguka milango miwili, hiyo ni ya ukoo huohuo, ila umbo lenyewe ni la miaka ya 1930 na kuendelea. Kama kofia inainuka kwa bawaba na wembe ni wa upande mmoja, wenye uti mgumu wa chuma mgongoni, umeshika mashine ya chapa ya GEM, Ever-Ready au jamaa zao. Kama kichwa ni chembamba na wembe unasukumwa kuingia kwa ubavuni, fikiria chapa ya Schick. Na kama kichwani kuna viroli ambavyo mkanda wa ngozi hupitishwa ili wembe unolewe bila kutolewa, hiyo ni Valet AutoStrop ya Henry Gaisman, ambayo kampuni yake iliungana na Gillette mwaka 1930 baada ya mvutano wa hataza.

"Tarehe iliyochongwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwake"

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na hapa ndipo pesa hupotea pia.

Mashine nyingi za Gillette za mwanzo zina tarehe ya Novemba 15, 1904. Muuzaji akiiona tu, anakuambia ina umri wa zaidi ya miaka 120. Hiyo ni siku hataza ilipotolewa, na kampuni iliendelea kuichonga kwa miaka mingi baadaye. Mashine yenye tarehe hiyo inaweza kuwa ya 1906, inaweza pia kuwa ya 1919. Vivyo hivyo Januari 13, 1920, inayoonekana kwenye muundo ulioingia sokoni 1921: ni hataza nyingine. Tarehe ya hataza inakuhakikishia jambo moja tu, kwamba mashine hiyo haikutengenezwa kabla ya siku hiyo. Maneno "Reg. U.S. Pat. Off." hayana hata hilo. Yanasema nembo ya biashara imesajiliwa, basi.

Kwa zile za zamani za Gillette zenye namba ya mfululizo, namba hiyo inasaidia kukadiria mwaka kuliko tarehe ya hataza. Ila isome kwa utulivu, maana herufi inayoandamana na namba ni sehemu yake, na ukiiacha umebadilisha mwaka.

Kwa mashine za Gillette za Marekani za miaka ya 1950 na 1960 kazi ni rahisi kwa namna inayonifurahisha kila mara. Geuza kichwa, tazama upande wa chini. Utaona herufi moja na tarakimu moja ndogo. Herufi ni mwaka, tarakimu ni robo ya mwaka. W ni 1951, X ni 1952, Y ni 1953, Z ni 1954, kisha alfabeti inaanza upya: A ni 1955, B ni 1956, na kuendelea. Mashine nene yenye pete ya namba 1 hadi 9 shingoni, ikiwa na E2 chini, ilitoka kiwandani Boston robo ya pili ya 1959. Ikiwa na D4 ni ya mwisho wa 1958, kundi la mwanzo kabisa la aina hiyo, na wakusanyaji huitafuta. Super Speed, aina nyingine ya Gillette ya Marekani, isiyo na herufi yoyote usiitupe kando ukidhani ni bandia: aina hiyo ilianza 1947, na zile za mwanzo hazikuwekewa alama hizo.

Onyo moja. Jedwali hilo la herufi ni la Marekani. Nyingi za Gillette za Uingereza za wakati uleule, ambazo kwa historia yetu ndizo unazoweza kuzikuta zaidi kwenye masanduku ya Mombasa au Tanga, hazina alama hiyo. Huko itakubidi usome umbo la kipini, michoro yake na kasha.

"Ina meno, basi ni ya kale sana"

Bamba lenye meno kama kitana lilitawala tangu mwanzo, na Gillette ilileta bamba lisilo na meno kwenye mashine iitwayo Tech mwishoni mwa miaka ya 1930. Hilo ni kweli. Lakini viwanda vya Ujerumani vinatengeneza zenye meno hadi leo, tena kwa chuma kinachong'aa. Meno peke yake hayatoshi kukuambia umri.

"Solingen ni kampuni", "Rolls ni ile ya magari"

Solingen ni mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Jina lake limelindwa kisheria tangu 1938, ili asilitumie mtu anayetengeneza vitu mahali pengine. Ukiliona peke yake, umejua mji, bado hujajua kiwanda. Tafuta jina la pili au nembo ndogo.

Rolls Razor nayo ilikuwa kampuni ya Uingereza isiyohusiana na magari ya Rolls-Royce. Ni rahisi kuitambua: kasha la chuma lenye jiwe la kunolea kwenye kifuniko kimoja na ngozi kwenye kifuniko cha pili, na kipini ukikisukuma mbele na nyuma wembe hunolewa humohumo ndani. Ni chombo cha akili sana, na wengi huitupa wakidhani ni kiberiti cha petroli kilichoharibika.

"Ni ya njano, kwa hiyo ni dhahabu"

Gillette nyingi za zamani zilitengenezwa kwa shaba ya manjano, zikachovywa nikeli nyeupe. Baada ya miaka ya kushikwa na kusuguliwa, nikeli inaisha na shaba inachungulia. Ziko pia zilizochovywa dhahabu kwelikweli, lakini ni utando mwembamba mno. Ichukue mashine karibu na dirisha. Kama unjano uko kwenye kingo na pale kidole gumba kinapokaa, huku sehemu za ndani zikiwa nyeupe, hiyo ni shaba. Kama unjano umejaa mpaka chini ya kofia ambako hakuna mkono uliofika, na umefifia hasa pale panaposhikwa, hiyo ilichovywa dhahabu. Usimpelekee sonara ukitarajia kulipwa kwa gramu. Thamani yake iko kwa mkusanyaji.

"Imo kwenye kasha lake, haina shaka"

Shaka ipo. Makasha hubadilishwa, na kwa kuwa kipini cha mashine moja mara nyingi huingia kwenye kichwa cha nyingine, unaweza kukuta kofia ya 1915 juu ya kipini cha 1930. Linganisha uchakavu: vipande vilivyoishi pamoja huzeeka pamoja. Kasha la kijeshi la Marekani nalo halifanyi mashine kuwa adimu, kwani kwenye Vita Kuu ya Kwanza serikali yao iliagiza mashine milioni 3.5.

"Nyembe zake haziuzwi tena"

Kwa ukoo wa Gillette, wembe wa pande mbili unaouzwa dukani leo unaingia hata kwenye mashine ya enzi za mwanzo. Nyembe za GEM na za Schick za kusukuma bado zinatengenezwa, ingawa huku kwetu itabidi uagize. Star na Rolls ndizo zinazokulazimu ubaki na wembe uliokuja nazo.

Kabla ya yote hayo, toa wembe wa zamani ulioshika kutu kwa kubana ncha zake fupi, si makali. Kisha osha mashine kwa maji ya vuguvugu, sabuni na mswaki laini. Usisugue kwa majivu, mchanga wala waya wa sufuria, na usiiloweke kwenye siki au ndimu, kwa sababu alama unazozitafuta ni nyembamba na zinaondoka pamoja na uchafu. Zikionekana, ipige picha kwa mwanga wa ubavuni: kofia, bamba juu na chini, kitako cha kipini, na wembe uliomo. Kwa mashine isiyo na jina, picha ya bamba likiwa limelala peke yake ndiyo inayompa mjuzi pa kuanzia, kwa sababu mpangilio wa matundu na mikato yake hutofautiana kiwanda hadi kiwanda.