Mganga wako mwovu hajui alifu kwa kijiti? Basi humjui

Nimeletewa tena mswada wa riwaya. Wessex, ufalme wa Uingereza ya kale, karne ya 10. Mganga wa mfalme ana kibiongo, anaishi pangoni na bundi, anachemsha vyura, hajui alifu kwa kijiti, na anayekunywa dawa yake hafiki asubuhi. Mwishoni wanakijiji wanamfunga mtini wanamchoma moto. Mwandishi anaomba nimwangalizie historia. Nimeangalia. Haimo.

Moto niupite haraka: msako wa wachawi anaoufikiria ulikuja karne nyingi baadaye, na hata ulipokuja, sheria ya Uingereza iliwanyonga. Ruba pia tuachane nao. Kwamba neno la Kiingereza cha kale, læce, lilimtaja tabibu na huyo mdudu pia si ushahidi kwamba tabibu alitembea na kopo la ruba.

Kinachonikera ni huo ujinga anaotwishwa. Kiswahili kina mganga na kina mchawi, maneno mawili, kila bibi kijijini anajua tofauti yake. Halafu mtu anaandika kwa Kiswahili hichohicho, anavuka bahari kwenda Wessex, na ghafla wawili hao wanakuwa mtu mmoja mwenye bundi!

Kitabu cha Bald, cha dawa kwa Kiingereza cha kale, kilichonakiliwa katikati ya karne ya 10, kimejaa maelekezo ya watu waliojua kazi: namna ya kushona mdomo wa sungura, yaani mdomo wa mtu uliopasuka, namna ya kukata kiungo kilichooza, ukikata ndani ya nyama iliyo hai. Kinawataja hata waalimu, Oxa na Dun, kwa dawa walizofundisha. Mwishoni kuna shairi la Kilatini linalosema kitabu ni cha Bald, aliyemwamuru Cild akiandike. Vitabu vya kiada vinamwita Bald tabibu bila kupepesa macho. Nami darasani humwita hivyo, ingawa shairi linathibitisha tu kwamba alikuwa na kitabu. Mimi nina vitabu vya upishi, nenda kamuulize mume wangu.

Najua utanitajia ile dawa ya macho: kitunguu saumu, cropleac, divai na nyongo ya ng'ombe, siku tisa kwenye chombo cha shaba. Ndiyo, mwaka 2015 watafiti wa Nottingham waliitengeneza ikaua bakteria sugu wa MRSA. Nilifurahi kama wewe. Lakini cropleac ni mmea gani hasa? Ilibidi wajaribu kwa kitunguu maji na kwa liki pia. Na dawa moja kufaulu maabara hakuvitakasi vile vinyesi vya wanyama vilivyomo katika kurasa nyingine.

Sasa njoo kwenye Lacnunga, mkusanyo mwingine wa dawa za Kiingereza cha kale, hapa msomaji wa pwani atanielewa kuliko profesa yeyote. Kuna dawa ya kumkinga mtu na hila za ælfe, viumbe wasioonekana. Unachukua sahani ya ekaristi, unaandika juu yake maneno ya Injili kwa Kilatini, "Hapo mwanzo kulikuwako Neno" na mengine. Mtu safi anachota maji ya mto kimyakimya. Maandishi yanaoshwa yaingie kwenye dawa, mgonjwa anakunywa. Hilo ni kombe, kama zile aya za Kurani zinazooshwa mgonjwa anywe! Kasoro zafarani tu. Sidai kwamba mmoja alimwiga mwingine, sina ushahidi wa hilo, ila kila nikiusoma ukurasa ule namwona babu yangu na sahani yake nyeupe.

Dawa nyingine inataka majina saba yaandikwe kwenye hostia saba, vile vimkate vya ekaristi, kisha mgonjwa avishwe shingoni. Majina ya nani? Ya wale vijana waliolala pangoni, ambao kwetu ni As-habul Kahfi. Kwa hiyo pango lipo, ila anayeishi humo si mganga.

Dawa kama hizo zinamtaka mtu wa kalamu, mwenye kufika altareni. Mbaya wako ni huyo, nadhifu, ananukia ubani. Msome tabibu Cynefrith kwa Bede, mtawa aliyeandika historia ya Kanisa la Uingereza. Alimpasua Æthelthryth, abesi, yaani mkuu wa monasteri, wa Ely, uvimbe wa shingoni. Siku ya tatu mgonjwa akafa, mwaka 679. Miaka 16 baadaye kaburi linafunguliwa, mwili haujaoza, na anayesimama kushuhudia kwamba jeraha lile limepona ni nani? Ni yeye aliyelikata. Simtuhumu, marehemu wa watu. Ila mwandishi anayeipita nafasi hiyo akakimbilia vyura, sijui nimsaidieje.

Au mchukue mjane wa Ailsworth, enzi za mfalme Edgar. Hati ya ardhi inasema yeye na mwanawe walimchoma mtu aitwaye Ælfsige misumari ya chuma. Sisi wa historia husema ni sanamu yake, kwa sababu vinginevyo haieleweki, lakini neno sanamu halimo, tumelitia wenyewe. Kitu hicho cha mauti kikatolewa chumbani kwa mama yule. Wakamzamisha kwenye daraja la London, mwanawe akatoroka. Shamba likaenda kwa mfalme, na mfalme akampa Ælfsige, yuleyule aliyedaiwa kurogwa.

Hati haitaji aliyeingia chumbani akakitoa. Inasema tu kilitolewa. Mpe mganga wako kazi hiyo.